Siku ya ukaguzi nilimwambia mama asimlete mtoto wake shuleni

Wakuu, heshima kwenu, na kwa walimu wa humu heshima mara mbili.

Nimesoma uzi wa mwenzetu anayeuliza mwalimu afanye nini wakaguzi wakija. Wengi mmemshauri apange madaftari. Mimi naeleza yaliyonikuta, bila kuongeza chumvi, hata pale yanaponiaibisha. Kiswahili changu ni cha Uvira, Kongo, mtanivumilia.

Ilikuwa 2015, hapa Louisville, Marekani, upande wa South End. Nilikuwa msaidizi wa darasa la watoto wa miaka mitatu na minne. Mwalimu mwenyewe ni Mkenya, Teacher Njeri, aliyekuja kusoma akabaki. Mimi shule niliiacha darasa la tano. Wazazi walifariki, na mkubwa nilikuwa mimi.

Jumatatu Njeri akaniambia, "Dada Neema, Alhamisi tuna inspection. Wewe fanya tu vile unafanyanga kila siku."

Nikachanganyikiwa papo hapo. Mkaguzi anakuja, halafu tufanye kama kila siku? Kwetu inspekteri akija, uwanja unafagiliwa mpaka kuku wanaogopa kupita, na watoto wanakariri wimbo wiki nzima.

Nikawapigia wadogo zangu, maana nao wanafanya kazi mashuleni.

Bahati, wa Columbus: "Yaya, nyamaza. Ukiulizwa, sema mwalimu ndiye anajua."

Furaha, wa Buffalo, kule Lower West Side: "Bahati anakupoteza! Ukinyamaza wataandika hujui kazi. Ongea, Yaya, hata habari ya mvua."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Hawa wawili niliwafundisha kufunga viatu, sasa wananifundisha kuongea.

Basi nikafuata akili yangu, nikaharibu.

Tulikuwa na mtoto wa miaka minne, Elie. Mlango ukijipiga kwa nguvu, anaingia chini ya meza na kupiga kelele. Kila mara nilikuwa naingia naye, nakaa, namhesabia vidole mpaka atulie. Nikajiuliza, mkaguzi akiona hayo, si Njeri atafukuzwa kazi, nami nimfuate?

Jumatano nikampigia Mama Elie, anayekaa mtaa wa Highview.

"Kesho mwache Elie nyumbani. Wageni wakubwa wanakuja."

"Donc, yaani nikose kazi?" Nikamwambia ni siku moja tu. "Bon, sawa, Yaya. Wewe ndiye unajua mambo ya shule."

Anafanya kazi warehouse. Alikosa shift yake kwa ajili yangu.

Alhamisi mkaguzi akafika, mama mmoja mwenye viatu vya raba na kompyuta. Hakungoja wimbo. Hakufungua daftari hata moja. Alikaa kwenye kiti kidogo cha watoto, akawa anaandika tu.

Nilinyamaza dakika kumi kama Bahati alivyosema. Kisha nikamweleza habari ya mvua kama Furaha alivyosema. Akatabasamu, akaandika. Sijui aliandika mvua au nini.

Halafu akaangalia orodha, akauliza Elie yuko wapi. Mwalimu alikuwa ameandika mpango wa kumsaidia mtoto huyo, na mkaguzi alikuja hasa kuona tunavyoufuata. Akasema sehemu hiyo ataiacha wazi, na itambidi arudi.

Alipotoka, Njeri akanigeukia. "Elie ni mgonjwa?"

"Hapana. Nilisema asije."

"Aki Dada Neema! Huyo mtoto ndiye nilitaka aone. Sasa nitamwonyesha nini? Viti?"

Nilitaka kujitetea kwamba kwetu ndivyo inavyofanywa. Lakini najua vizuri inavyofanywa.

Mwaka waliofariki wazazi, nilikuwa nakuja darasani na Furaha mgongoni, analia. Siku moja kabla ya inspekteri, mwalimu akaniambia kwa upole, "Neema, kesho pumzika nyumbani."

Nikapumzika. Sikurudi tena, wala hakuna aliyekuja kuuliza.

Na sauti niliyotumia kwa Mama Elie ilikuwa ile ile ya upole.

Kesho yake nikapanda basi asubuhi mpaka Highview. Mama Elie akafungua mlango. "Yaya, wageni wamekwenda?"

"Wamekwenda, lakini watarudi. Nilikosea, nisamehe. Wakirudi, Elie aje."

"Na akipiga kelele?"

"Apige."

Mkaguzi akarudi wiki iliyofuata bila kutuambia siku. Mlango ukajipiga nyuma yake, pa! Elie chini ya meza. Nikaingia, nikagonga kichwa, nikaanza vidole. Kutoka kule chini niliona viatu vya raba vimesimama mbele yetu. Tulihesabu mpaka kumi mara tatu ndipo Elie akatulia. Viatu vikaondoka taratibu.

Tulipita. Njeri alinisomea ripoti mara mbili, na hadi leo nusu yake siielewi. Mkaguzi asiyefungua daftari pia simwelewi.

Kwa mwenzetu aliyeuliza: panga darasa lako, kunywa maji, nyamaza au ongea, hiari yako. Ninalolijua ni moja. Usimfiche mtoto. Wewe utaona umemficha siku moja tu, yeye anaweza kuelewa kwamba hatakiwi.

Karibuni mchangie. Na kama humu kuna mwingine aliyewahi kuambiwa apumzike nyumbani siku ya ukaguzi, napenda kujua: wewe ulirudi?