Mama Vifaranga na Umeme wa Jioni

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, hata mama mkwe wake. Mashine yake ya kutotolesha mayai ilikuwa chumbani, pale ambapo wenzake huweka kabati, na nguo za familia zilikaa kwenye masanduku chini ya kitanda. Mumewe alishazoea kulala na ngurumo ya feni ya mashine hiyo. "Nina wake wawili," alipenda kuwatania wageni, "na bi mkubwa ni huyu wa bati."

Mume alikuwa dereva wa bodaboda. Pikipiki za umeme zilipoingia, yeye ndiye aliyetangulia kununua, tena kwa kusukumwa na mkewe, maana petroli ilikuwa inawamaliza. Madereva wenzake walimcheka, kisha wakamfuata mmoja mmoja, mpaka ikawa kila jioni nyaya zinaning'inia madirishani na pikipiki zimejipanga ukutani kama ng'ombe wanaokunywa maji.

Hapo ndipo taa zilipoanza kufifia. Jua likizama, madereva wanarudi pamoja kuchaji ili wawahi abiria wa usiku, na umeme wa mtaa unakuwa mdogo. Feni inajikokota. Stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme, inajizima ili kuilinda mashine, na mayai yanaanza kupoa.

Mwanzoni alifunika mashine kwa mablanketi na kupanga chupa za maji moto ndani. Vifaranga vikatoka vichache, vingine miguu imepinda. Akawaendea madereva kijiweni. Walimsikiliza kwa adabu.

"Shemeji, tunakuelewa," alisema yule waliyemwita Katibu. "Lakini abiria wa jioni hasubiri yai lianguliwe."

Wakakubaliana kupokezana, wengine wachaji jioni, wengine watu wakishalala. Mpango ulidumu hadi mvua zilipoanza na abiria wakaongezeka. Kila mtu akachomeka, akisema ni leo tu.

Mumewe naye akachomeka.

"Baba watoto, subiri kidogo," mkewe alimwambia. "Mayai yamefika wiki ya mwisho."

Mume aliketi ukingoni mwa kitanda, helmeti magotini. "Nikisubiri mimi, wao wanachomeka. Utakuwa umeokoa nini?"

Hakusema kwa ukali, na ni mkewe mwenyewe aliyemsukuma kuinunua pikipiki ile. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Fundi wa shirika la umeme alikuja baada ya kuitwa mara nyingi. Alipanda nguzoni, akaikagua transfoma, akashuka akijifuta mikono.

"Mama, hii iliwekwa kwa ajili ya taa na redio. Pikipiki zingechaji usiku wa manane, ingetosha. Ama sivyo, iletwe kubwa zaidi."

"Italetwa lini?"

"Tumeomba tangu mwaka jana."

"Na mimi sasa nifanye nini?"

Fundi alifunga kamba za ngazi juu ya gari lake polepole. "Sijui, mama. Hata kwangu taa ni hizi hizi."

Siku ya kuanguliwa, mama alitega sikio kwenye mayai, akasikia midomo ikigonga kwa ndani. Alicheka peke yake. Jioni umeme ukapungua, stebilaiza ikazima. Mume alirudi, akamkuta anachemsha maji, akaacha safari zake na kumsaidia kubadilisha chupa. Maganda mengine yalipata ufa, yakaishia hapo. Kugonga kule kwa ndani kulipungua, kukawa kwa mayai machache, kisha wakawa hawasikii kitu.

Asubuhi mume alichimba shimo nyuma ya nyumba. Hakufanya utani wowote.

"Tuiuze mashine?" aliuliza.

"Nani atainunua mtaa huu?"

Jioni mama alikuwa akiosha trei za mayai kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mumewe aliingia na pikipiki, akasimama dirishani, plagi mkononi, akimtazama. 

"Chomeka," mkewe alisema, bila kuinua kichwa. "Usipotoka, watoto watakula nini?"

Akachomeka. Taa ikafifia, naye akaendelea kuosha.