Kinga ya Jumapili

Kiongozi wa wanawake katika kanisa letu, mama wa Kikongo wa miaka hamsini na kitu, alisimama wakati wa matangazo akasema kwamba Jumamosi inayofuata watu wazima wote wakutane Doonside, hapa Sydney, karibu na stesheni, saa moja asubuhi, kila mmoja na kinga yake. Asiye na kinga aazime kwa jirani. Kisha akaketi.

Wakongo na Warundi walitikisa vichwa kukubali. Sisi wengine, Watanzania na Wakenya, tulitazama viatu vyetu. Muuguzi wa Kikenya aliyeketi mbele yangu alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtetemeka. Mchungaji alikohoa, akauliza kwa upole kama mama angependa kufafanua. Mama akasimama tena na kufafanua: kinga iwe na breki mbili, na mtu aijaze upepo nyumbani kabla ya kuja.

Kwa watu wa Uvira, alikotoka, kinga ni baiskeli. Kwa mtu aliyekulia Morogoro kama mimi, kinga ni chochote kinachozuia balaa, na kwenye mabango ya zahanati zetu ilikuwa na maana moja tu, ya pakiti ndogo. Mimi tofauti hiyo nilikuwa nimeshaijua, kwa sababu wiki mbili kabla alikuwa amenieleza shida yake, na dakika tano za kwanza za mazungumzo yale zilinitoa jasho.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee iliyo upande wa pili wa vilima, kusini mwa Doonside. Siku nyingine basi lipo. Jumapili zamu yake huanza saa moja kamili asubuhi, na basi la kwanza hufika pale zamu ikiwa imeshaanza. Mwenzake aliyekuwa akimpa lifti alihamia Brisbane. Mtihani wa udereva ameufeli mara mbili. Binti yake alimjibu kwa Kiingereza kwamba aachane na Jumapili, basi. Lakini bila Jumapili saa zake hazikutosha kuandikwa ajira ya kudumu; angebaki mtu wa kuitwa kwa simu siku mwenzake akiugua. Meneja wake, mwanamke mkali lakini wa haki, kwa maelezo ya mama mwenyewe, alimpa mwezi mmoja: Jumapili nne, afike mwenyewe, asichelewe.

Barabara za magari alizikataa. Jumapili alfajiri huwa tupu, na malori hukimbia kwa sababu ni tupu. Ila nyuma ya mtaa wake kuna njia nyembamba ya lami isiyoruhusu magari, ya waenda kwa miguu na baiskeli, inayokwenda katikati ya majani na mikaratusi, ikipanda na kushuka kama kamba iliyolegea, hadi karibu kabisa na nyumba ya wazee. Kuna vilima vitatu vya kuhesabika. Alitaka watu wa kuizoea njia hiyo pamoja naye, na alitaka mtu wa kuandika muda. Kabla ya kuhamia Sydney niliandika habari za wilaya kwa miaka tisa, na daftari halijanitoka mfukoni.

“Wewe papa unaandikaka kila kitu,” aliniambia; papa kwao ni baba. “Andika na saa yangu.”

Jumamosi ile tulifika wanne tu; waliotikisa vichwa hawakuonekana. Mama, muuguzi, mimi, na mzee mmoja wa Tanga aliyekuja na mwavuli, akisema hakuelewa ni kinga ya nini lakini wingu lilikuwepo. Alikunywa chai yetu ya chupa akarudi nyumbani.

Mama alipanda baiskeli yake vizuri kuliko nilivyotarajia, mgongo wima, kama mtu aliyezoea kubeba muhogo nyuma. Bonde la Ruzizi la kwao ni tambarare, na huko ndiko alikojifunza. Kilima cha kwanza kilipoanza, alishuka. Hakuchoka, alishuka tu, akashika usukani, akaanza kuisukuma. Muuguzi, mwenye baiskeli nyepesi na nguo za kubana, aligeuka kumsubiri.

“Mama, unaipeleka machungani?”

“Tambarare inanibeba,” alisema mama. “Mulima, miye ninaisaidia. Ndiyo ndoa.”

Alisukuma vilima vyote vitatu. Niliandika saa moja na dakika thelathini na tatu. Kwa hesabu yake alikuwa na saa moja na robo, kwa kuwa kabla ya saa kumi na mbili kasorobo hawezi kutoka. Ndipo anapomaliza kumpa mume wake dawa.

Jumamosi ya pili ndipo nilipojua jambo ambalo nilipaswa kulijua mapema. Majira ya kuchipua yalikuwa yameanza, na kwenye mkaratusi wa kilima cha tatu kulikuwa na kiota. Ndege wenyewe anafanana na kunguru wa kwetu mwenye kizibao cheupe; watu wa hapa humwita magpai, na wakati wa makinda huwa hana subira na wapanda baiskeli. Muuguzi alikuwa mbele. Ndege alimjia kutoka nyuma, bila sauti, akaipiga helmeti yake mara tatu. Muuguzi aliacha lami, akaingia majanini, akaanguka na kuchubuka kiwiko. Nilipokuwa nikikanyaga kwa nguvu kumfikia, nilisikia mdomo wa ndege ukigonga karibu na sikio langu, kama mkasi.

Mama alitufikia kwa mwendo wake wa siku zote, akisukuma. Alipita chini ya mti uleule. Ndege alikaa tawini akamtazama.

Hatua chache mbele palikuwa na nguzo yenye bango, ambalo wiki iliyotangulia tulilipita bila kulisoma. Lilikuwa na picha ya ndege na maneno machache. Mama aliniomba nimsomee. Nikamsomea: majira haya, mwenye baiskeli ashuke na kuisukuma.

“Soma tena.”

Nikasoma tena.

“Kwa sauti, papa. Muuguzi iko mbali.”

Nikasoma kwa sauti. Muuguzi alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwetu, akifuta damu. Alicheka mpaka akalala chali.

Siku hiyohiyo, kwenye mapumziko, muuguzi alilipa deni la kicheko cha kanisani. Aliichunguza baiskeli ya mama na kugundua kwamba gia zake hazikuwahi kuguswa tangu inunuliwe mitumbani. Mnyororo ulikuwa kwenye gia ile ile ngumu. Mama alisema zile swichi aliziona, akadhani ni za taa. Baiskeli za kwao hazikuwa na gia. Muuguzi alimfundisha pale pale, mkono juu ya mkono. Tulipokuwa tukirudi, kilima cha pili mama alikipanda amekaa, polepole, midomo imefumbwa. Kileleni alishuka akaitazama baiskeli kama mtu aliyefichwa habari.

Wakapatana hivi: vilima viwili apande, cha tatu asukume kwa ajili ya ndege. Jumamosi ya tatu niliandika saa moja na dakika kumi na moja. Muuguzi alikuwa amechomeka vibana vya plastiki vya kumtisha ndege kwenye helmeti vikasimama kama miiba ya nungunungu, na alipigwa vilevile.

Mwezi wa meneja ukaanza. Jumapili ya kwanza mama alifika na dakika nne mkononi. Ya pili tatu, ya tatu tano. Ibada yetu ni saa nane mchana, tunapoachiwa ukumbi, na kila wiki alipoingia nilimtazama naye akanionyesha idadi kwa vidole.

Jumapili ya nne ndiyo ile ambayo hapa Sydney saa zote husogezwa mbele kwa saa moja, kwa ajili ya majira ya joto. Nilimpigia simu Jumamosi kumkumbusha. Alisema ameshaisogeza, hata ya jikoni. Jambo ambalo sikulifikiria, wala yeye, ni kwamba saa kumi na mbili kasorobo mpya, yaani kumi na moja kasorobo ya jana yake, ni giza. Taa yake ndogo ilimulika hatua tatu tu. Kwenye miteremko, ambako huwa anarudisha muda, alishuka akatembea.

Alipoingia ukumbini mchana ule hakuonyesha vidole. Nilimfuata nje baada ya ibada nikamwuliza. Mashine ya mlangoni kazini kwake iliandika saa moja na dakika mbili.

Nilimwuliza kuhusu kilima cha tatu. Alisema alisukuma.

“Lakini gizani ndege amelala.”

“Bango haikuandika giza,” alisema. “Wewe ndiye ulinisomea, papa.”

Nilikuwa nimemsomea mara tatu. Kwa hesabu ya daftari langu, kusukuma kilima kile, kifupi kuliko vingine, badala ya kukipanda humgharimu dakika nne.

Wiki hii nilimwuliza kama meneja amesema lolote. Hajasema. Alinieleza kwamba ratiba ya mwezi ujao imebandikwa kwenye ukuta wa jiko la wafanyakazi tangu Alhamisi. Nilimwuliza kama ameiona kwa macho yake au ameambiwa. Ameiona. Siku nyingine zote zimejazwa majina kwa wino. Visanduku vya Jumapili asubuhi, vyote vinne, viko vitupu: si jina lake, si la mwingine.