Sema Simama Kabla ya Pigo la Kengeza

Nakumbuka Jumamosi moja mchana, mwanangu, na kila nikiikumbuka mkono huu wa kulia hutafuta pa kujificha. Umeniomba ule upanga ulio nyuma ya kabati, unasema unataka kuanza mazoezi. Nitakupa. Lakini kaa kwanza, chai bado ni ya moto.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasuka nywele pale soko la Warwick, katika nchi ya Wazulu, na nilikuwa mwoga. Si mwoga wa mende. Siku zile wageni walikuwa wakikimbizwa mitaani, na nikisikia tu watu wakiimba kwa pamoja barabarani, nilikuwa naacha kichwa cha mteja nusu nakimbilia chooni. Kule Bukavu nilikotoka nilikuwa nimeona mapanga yakifanya kazi isiyo ya shamba. Nikajiambia, nikijua kushika upanga, woga utaniacha. Ujana una hesabu zake.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Tanga, fundi mitambo mstaafu wa viwanda vya mtaa wa Jacobs. Ujanani alifanya kazi Ujerumani miaka mingi, na huko akajifunza upanga mrefu, ule wa Wajerumani wa kale unaoshikwa kwa mikono miwili. Alitufundisha katika ukumbi wa kukodi kule Isipingo, watu wanane na panga za chuma zisizo na makali. Mapigo makuu ni matano, naye aliyabatiza kwa Kiswahili: la hasira, la kupinda, la mkingamo, la kengeza na la utosini. Siri yao ni moja. Hukingi kwanza ndipo upige. Pigo lenyewe ndilo kinga. Kwa hiyo hayapigwi na mtu anayerudi nyuma. Upanga wa mwenzako unakujia, na wewe unapiga hatua kuingia. Hebu fikiria mwoga akiambiwa hivyo!

Pigo jipya tulijifunza polepole sana, kama watu walio ndani ya maji, bila vinyago vya uso, ili kila mmoja aone macho ya mwenzake. Sheria ilikuwa moja: ukiogopa, sema "simama". Wote wanasimama, na hakuna anayecheka. Kwa miezi mitano sikulisema neno hilo hata mara moja. Nilidhani nimeuficha woga wangu, kumbe Mzee alikuwa akiuhisi kwenye chuma, panga zetu zikigusana.

"Binti yangu, unasukuma mno," alikuwa akiniambia. "Anayesukuma hivyo anaogopa. Sema."

"Niko sawa, mzee."

Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi niliuficha hata kwangu mwenyewe.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya pigo la kengeza. Mwenzangu alikuwa Nomvula, binti wa mama muuza dawa za mitishamba pale sokoni, rafiki yangu aliyeokota Kiswahili chetu akisukwa saluni. Aliinua upanga, akaushusha taratibu kuelekea kichwa changu. Mimi nilipaswa kuingia, nigeuze upanga na kumgusa begani kwa ukingo wake wa nyuma, polepole kama yeye. Niliona chuma kikishuka. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza, nikafumba macho, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

"Eish! Sista!"

Nilipofumbua macho, Nomvula alikuwa amepiga magoti, kiganja jichoni, damu inapita katikati ya vidole. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko. Hawakumwona mwoga mwenye upanga.

Nikakimbia. Ndiyo, mimi huyu unayeniona. Nilimsikia akiita jina langu, nikapanda taxi na nguo za mazoezi, nikajifungia chumbani siku mbili. Niliwaza: mgeni amempofusha mtoto wa wenyewe, ndugu zake watakuja. Kila aliyepanda ngazi nilidhani ni mmoja wao. Nilisukuma kitanda mpaka mlangoni, nikakaa juu yake bila kula.

Siku ya tatu asubuhi aliyegonga alikuwa Mzee Kombo. Hakutaka kuingia.

"Mkono kuteleza, hilo lina msamaha," alisema. "Lakini miguu haikuteleza, ulikimbia nayo. Vaa viatu twende kwa mama yake."

"Mzee, bataniua," nikasema kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu.

"Huenda wakakutukana. Twende."

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile ya kukatiza soko la Warwick. Mama yake Nomvula alikuwa amekaa kati ya mafungu ya mizizi na magome. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia ni mimi. Alinitazama mpaka nikatamani anipige.

"Ubalekile," alisema kwa Kizulu, yaani ulikimbia. Kisha akaniambia kwamba jicho ni zima, ni nyusi tu iliyoshonwa. "Alikuwa anakuita umshike mkono. Mwanangu anaogopa sindano."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nomvula aliporudi mazoezini, Mzee alikuwa ameshaamuru vinyago vivaliwe siku zote. Rafiki yangu akaja moja kwa moja kwangu. "Lile lile," akasema. "Polepole." Akainua upanga, nami nikaona ncha yake inatikisika. Neno likanijia tena kwenye ncha ya ulimi.

"Simama," nikasema.

Watu wanane wakasimama. Nomvula akashusha upanga, akapumua kwa nguvu. "Thank you, sista. Na mimi pia." Mara ya tatu ndipo nilipoingia, macho wazi, nikamgusa bega kama mtu anayemwamsha mtoto.

Basi mwanangu, sikiliza. Woga haukunitoka, hata leo watu wakiimba barabarani nasogea ukutani. Nilichojifunza ni kuusema kabla haujashika mpini. Ukiogopa, sema simama, wacheke wasicheke. Na ukimwumiza mtu, usimwache peke yake na damu yake. Kaa, umshike mkono, hata kama mkono huo ndio uliompiga.

Mungu akupe ulimi usiomeza neno, na miguu inayojua kubaki. Haya, ufuate nyuma ya kabati. Ushike kwa mikono miwili.