Samaki Aliyelala Ubavu

Kazi yangu ni kutazama samaki waliokufa. Nasimama kwenye meza ya chuma kiwandani, sangara wanapita mbele yangu, nami naamua nani aende kwenye minofu na nani arudishwe kwa aliyemleta. Nafunua matamvua nione wekundu, nabonyeza mgongo kwa kidole gumba, natazama jicho kama limezama au bado linang'aa. Wachuuzi wananiogopa, mwanamke mimi, na sitasema kwamba hilo linaniudhi. Kwa hiyo samaki wangu mwenyewe, aliye hai, alipoanza kuumwa sebuleni kwangu, nilijiona nimezaliwa kwa ajili ya siku ile.

Samaki huyo sikumnunua. Mpangaji wangu alihamishiwa Dodoma, akaniachia tangi la kioo pamoja na aliyekuwemo: mmoja wa wale wekundu wa mapambo, mnene, mkia unaburuta kama gauni la bibi harusi. Mwanza watu wanajua samaki wa aina mbili, wa kukaanga na wa kuchemsha. Jirani akiingia kwangu anauliza kwanza hali, kisha anauliza huyo ataliwa lini. Nilimweka kwa sababu watoto wangu wako vyuoni na nyumba ilikuwa kimya mno, lakini majirani niliwaambia namnenepesha kwa ajili ya Krismasi.

Halafu akaja baba. Alikuwa ameanguka zizini kwake, ng'ambo upande wa Sengerema, na presha yake ilikutwa juu kiasi kwamba daktari alimkataza mambo matatu kwa mpigo: chumvi, kubeba mizigo, na kurudi nyumbani. Kidonge kimoja kila asubuhi, kupima kila Jumanne, na angeruhusiwa kuvuka maji tena presha itakaposhuka. Baba anawajua ng'ombe wake kwa tabia kuliko anavyotujua sisi aliotuzaa, na kumtenga nao ilikuwa sawa na kumfunga. Aliingia na begi moja na kiroba cha michembe, akaketi kwenye kiti kinachotazama tangi, akamkagua samaki kwa muda mrefu.

"Huyu haamkii," alisema.

"Ni samaki, baba."

"Hata ndama anajua nani ameingia."

Wiki haikuisha, samaki akawa anajua. Baba akikaa, yeye anakuja kwenye kioo na kuanza kufungua mdomo. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu baba ana kanuni moja ambayo sijawahi kumwona akiivunja: huwezi kula huku mtu anakutazama. Kwetu anayekukuta unakula unamkaribisha, naye ananawa. Samaki alikuwa anamkuta baba akila mara tatu kwa siku, mdomo wazi, na baba alimkaribisha. Tonge dogo la ugali. Kipande cha mchembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kilichotafunwa kwanza ili kiwe laini. Majirani nao, wakiona mzee mzima amemkaribisha, wangemnyima vipi? Mimi nilikuwa kiwandani, sikuona lolote.

Mchembe ukikutana na maji unavimba. Hilo kila Msukuma analijua, ndiyo maana unashibisha.

Nilirudi jioni moja nikamkuta samaki amelala ubavu juu ya maji, tumbo kama gololi, anahema. Nilinawa mikono kama daktari wa upasuaji, nikamtoa, nikafunua matamvua: mekundu. Nikabonyeza mgongo: nyama inarudi. Jicho: safi. Kwa vigezo vyote vya kiwanda, samaki wangu alikuwa daraja la kwanza.

"Kwa hiyo ni mzima?" baba aliuliza.

"Daraja la kwanza," nilimjibu.

Baba alimtazama samaki aliyelala ubavu, kisha akanitazama mimi. Kwa kuwa nilikuwa sijui la kufanya, nilifanya ninalofanya siku zote nikishindwa, nikasafisha. Nilimwaga maji yote, nikasugua tangi kama sufuria, nikajaza mapya yaliyotoka bombani wakati huohuo, yananuka dawa. Kesho yake alikuwa na hali mbaya zaidi.

Siku hizohizo presha ya baba ilikataa kushuka. Jumanne ya kwanza ilikuwa palepale, ya pili palepale, ya tatu imepanda kidogo. Nesi aliniuliza kama mzee anameza dawa. Nikamwambia kwa kiburi kwamba kidonge nampa mwenyewe, mkononi, kila asubuhi kabla ya kutoka. Akasema basi daktari atalazimika kuongeza dawa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ambayo sikumwonyesha baba. Mama yangu aliondoka kwa kiharusi, tena siku ya kawaida kabisa, anachambua mchele. Nikaanza kumsikiliza baba anavyohema akipanda zile ngazi tatu za mlangoni kwangu. Kumbe nilikuwa na wagonjwa wawili wanaohema, na sikuwa na akili ya kuwaweka kwenye sentensi moja.

Mabatini, katikati ya maduka ya makava ya simu, kuna mama anayeuza ndege wa kufuga na samaki wa mapambo. Nilimweleza. Hakutaka kusikia habari za matamvua. Alitaka kujua samaki anakula nini, nani anamlisha, na maji yake yakoje. Akaniambia nikamletee maji hayo kwenye chupa, niyachote chini kabisa, kwenye kokoto. Nikarudi nayo siku ya pili.

"Huyu bondo limebanwa," alisema. "Tumbo limejaa, linalikandamiza bondo, ndiyo maana hajui juu wala chini."

Niliona aibu. Bondo nalijua kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Ni kile kifuko cha hewa ndani ya samaki, tunakitoa, kinakaushwa, wanunuzi wanakigombania. Katika miaka yote hiyo haijawahi kunipitia kichwani kwamba samaki mwenyewe ana matumizi nacho.

Mama yule akanipa masharti. Siku tatu samaki asile kitu. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo siku nzima kabla ya kumwekea, na yatiwe chumvi kidogo. Siku ya nne apewe njegere moja iliyochemshwa, imenywe ganda. Kisha akainua chupa yangu kwenye mwanga.

"Na hiki ni nini?"

Kilikuwa kitu cheupe, kimelainika, upande mmoja wa duara na upande mwingine umenyooka pale kilipovunjwa. Nilikijua mara moja. Nilikuwa nimekitoa kwenye pakiti kwa vidole vyangu, kikiwa kizima.

Nilifika nyumbani, nikamwamkia baba, akaitikia marahaba, nikaweka chupa mezani mbele yake. Hakujifanya hajui.

"Anahema kama mimi," alisema. "Mdomo wazi, hewa haimtoshi. Nikajua ni presha."

"Nani alikwambia samaki anaugua presha?"

"Nani alikwambia haugui? Wewe ulisema daraja la kwanza."

"Baba, ile ni dawa ya mtu."

"Ndiyo maana nikampa nusu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa kwa uangalifu wake. "Nusu nameza mimi. Wagonjwa ni wawili, mama, na dawa ni moja."

Sasa, sisi tulilelewa hivyo. Dawa iliyomponya mmoja inavuka uzio kwenda kwa jirani kabla pakiti haijaisha. Mtu akikohoa tu, kila mwanamke aliyepo anafungua mkoba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mgawa dawa. Hata hivyo nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, hata lile la kwamba samaki yule nitamkaanga mbele yake na kumtilia ndimu. Halafu nikaanza kulia, nimesimama mbele ya ile chupa.

Baba alihuzunika sana. "Usilie," alisema, "atapona."

"Silii kwa ajili ya samaki. Nalia kwa ajili yako. Ukifa nitabaki na nani?"

Nadhani hakuwahi kufikiria kwamba mtu mzima kama mimi, ninayewatisha wachuuzi, ninaweza kuuliza swali kama hilo. Aliomba maji ya kunywa, akatoa mfukoni mwa shati lake nusu ya siku ile aliyokuwa amemwekea samaki, akaimeza nikimwona.

Siku tatu za kufunga zilikuwa ngumu kwa kila mtu isipokuwa samaki. Wakati wa kula nililifunika tangi kwa kanga ili baba apate kumeza; jirani aliingia akauliza kwa upole nani amefariki. Nilipotia chumvi kwenye maji, baba alisimama pembeni, akanitazama kama mtu anayeibiwa.

"Mimi nimekatazwa hata kuionja," alisema. "Huyu anaogeshwa."

Siku ya nne alimenya njegere mwenyewe, kwa yale mavidole yaliyozoea kamba za ng'ombe, akaharibu nane ndipo akapata moja. Siku ya tano nilikuwa kazini, katikati ya sangara, simu ikaita. Baba hakusalimia. Alinitangazia kwamba samaki amepata choo, kirefu, na ameanza kusimama wima. Wenzangu mezani waliniuliza ni habari gani, nikawaambia mgonjwa wetu anaendelea vizuri, na wote wakamshukuru Mungu.

Kidonge nacho kikawa kinaliwa kizima. Kila asubuhi nilimwambia baba afungue mdomo, ainue ulimi, nikamkagua kulia na kushoto kabla ya kwenda kazini. Alilalamika kwamba hata mnadani ng'ombe hatendewi hivyo. Jumanne iliyofuata presha ilishuka. Iliyofuata ikashuka tena, na nyingine baada ya hiyo nesi alipima mara mbili, akatabasamu, akamwambia mzee sasa anaweza kurudi kwake.

Nilijikaza. Ndilo neno alilokuwa akilisubiri tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nimeshajiandaa kulifurahia kwa ajili yake. Baba hakuinuka. Aliweka kiganja kifuani, taratibu.

"Bado kuna kitu hapa kinanigonga," alisema.

Asubuhi ile alikuwa amekula sahani mbili na kupanda zile ngazi tatu huku akipiga mluzi. Nesi aligeuka kwangu kuuliza kama ni kweli. Baba hakunitazama, alikuwa anatazama ukuta, na ndani ya kandambili vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja.

"Ni kweli, nesi," nilisema. "Hata mimi nimekuwa nikimsikia. Afadhali abaki kwangu mwezi mwingine."

Nesi alitutazama wote wawili, akachukua kalamu, akaandika miwili.