Vidole vya Dada Zena

Kila nikipita penye mashine ya kukoboa mpunga, ile harufu ya pumba za moto hunirudisha kijijini kwetu Kurui, enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka tisa na chuki iliyonizidi umri. Ninyi nitawaambia. Wanangu hawajawahi kuniuliza.

Niliyemchukia ni dada yangu wa tumbo moja, Zena, aliyekuwa na miaka kumi na mitano. Mama alikuwa akimfulia nguo mjane mmoja wa Kigiriki, memsabu wa shamba la mkonge. Sebuleni kwa memsabu kulikuwa na piano nyeusi, sisi tukiiita kinanda. Siku moja, Zena akiwa bado mdogo, alipeleka nguo zilizopigwa pasi, akaona hakuna mtu, akaketi, akaupiga kwa vidole viwili wimbo aliozoea kuusikia akiwa uani. Memsabu alitokea mlangoni. Badala ya kumfukuza, akavuta kiti, akaanza kumfundisha, na mafunzo yakaendelea miaka mitano. Baba aliambiwa kwamba Zena anamsaidia Mama kufua.

Sasa sikilizeni kilichoniudhi. Zena hakumenya mihogo, eti kisu kingemkata. Hakushika jembe. Hakutwanga, eti mchi ungemkakamaza mikono. Mama alimtetea kwa sauti ya chini, na kazi zote zikanishukia mimi. Nilipolalamika, Zena alinitazama kana kwamba mimi ni kuku aliyeingia chumbani.

"Wewe mikono yako unaitunzia nini?" akaniuliza.

Nilikwenda kutwanga.

Kisha ikaja habari kwamba mwalimu wa piano, Mwingereza, atatoka Dar es Salaam Jumamosi kuja kumsikiliza. Akiridhika, Zena angepelekwa Nairobi, na baadaye Ulaya, akapige mbele za watu ukumbini. Tangu siku hiyo alitembea mikono ameifunika kwa khanga kama amebeba kitoto kichanga. Nikashindwa kuvumilia. Tukiwa tunakula mchana, nikasema, "Baba, Dada Zena hafui. Anapiga kinanda kwa memsabu, na Jumamosi Mzungu anakuja kumchukua."

Mama aliacha kutafuna. Baba alimeza tonge lake, akanawa mikono taratibu.

"Zena," alisema, "shangazi yako anamwoza binti yake wiki ijayo. Mpunga wa arusi utautwanga wewe. Peke yako."

"Nitatwanga, Baba. Lakini Jumamosi nakwenda."

"Utakwenda na mikono ipi?"

Alitwanga siku nne. Mimi nilikaa kando yake na ungo, napepeta, nacheka chinichini. Siku ya kwanza viganja na vidole vilitoa malengelenge, siku ya pili yakapasuka. Mama alimletea mafuta ya nazi huku analia. Zena akamwambia aondoke. Hakuacha hata punje moja kinuni.

Jumamosi aliondoka bila kuaga, nami nikamfuata, nikiwa na hamu ya kuona akiaibika. Nilisimama kwenye kichaka cha maua, chini ya dirisha la sebule. Yule mwalimu, mwenye shingo nyekundu, aliviona viganja vya Zena akarudi nyuma hatua moja. Alimwambia memsabu maneno makali kwa Kiingereza, na memsabu akamjibu kwa ukali zaidi. Zena hakuwangoja. Alianza kupiga.

Sijui ulikuwa muziki gani. Ulikwenda mbio, mkono wa kushoto ukiufukuza wa kulia, na pale kwenye vipande vyeupe vya kinanda niliona alama nyekundu zikiongezeka. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mwingereza alitoa leso, akafuta piano kipande kimoja kimoja, kisha akasema maneno machache tu. Memsabu akaketi, akalia. Nikakimbia nyumbani kumwambia Baba kwamba Zena ameshindwa.

Jumatatu gari likaja kumchukua.

"Shikamoo, Baba," alisema Zena, kafurushi mkononi. Baba alimpa mgongo. Zena akanigeukia. "Haya, kinu hicho. Sasa twanga."

Alikwenda Nairobi, akaenda London, na miaka ilipopita picha yake ikatoka gazetini, amevaa gauni refu, ameinama mbele ya ukumbi uliojaa Wazungu. Mwenye duka akamwonyesha Baba: "Si binti yako huyu?" Baba akasema, "Simjui," akaomba chumvi yake.

Zena alirudi mara moja tu, Baba akiwa ameshazikwa. Wanawake wa msibani hawakumsogelea. Nilimwendea, nikamwambia, "Ni mimi niliyemwambia Baba."

"Najua. Nilikuwa nakusikia ukicheka."

Nilinyoosha mkono. Hakuupokea, na kabla ya alasiri alikuwa ameshaondoka.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimkomoa mvivu. Ukweli niliuelewa nikiwa mtu mzima: Zena alikuwa mtu wa kwanza niliyemsikia akimwambia Baba "lakini", nami neno hilo lilinitisha kuliko fimbo. Ningeweza kulisema pamoja naye, tukawa wawili. Nilichagua upande wa Baba kwa kuwa ndio uliokuwa na nguvu. Na Baba, nilipovunja ungo, aliniozesha kwa mtu nisiyemjua, na hakuniuliza neno.