Wino na Njia ya Kelele

Mama mdogo wangu hawezi kupita mbele ya bango lenye kosa akanyamaza. Wengine huita tabia, mimi naita ugonjwa. Ukitoka naye mjini usipange kuwahi popote, kwa sababu atasimama kwenye mgahawa ulioandika "Karibuni ture" amwite mwenye mgahawa, na atasimama kwenye ukuta ulioandikwa "Marufuku kumwanga taka" aulize anayekatazwa hapo ni mwaga taka au mchawi. Kazi yake ni kuandika mabango. Milango ya maduka, ubavu wa magari ya wagonjwa, mageti ya shule, vyote vimepita mkononi mwake. Tangu mabango ya plastiki ya kuchapishwa yaingie, kazi imepungua, lakini yeye anasema plastiki ikipigwa jua msimu mmoja inapauka, na herufi za brashi yake zinasubiri.

Anaitwa Wino tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa analamba kalamu. Jina lake la cheti sidhani kama yeye mwenyewe analikumbuka haraka. Anakaa chumba cha nyuma ya karakana yake, kinachonuka mafuta ya taa anayooshea brashi, na mkoba wake una makopo mawili yaliyowahi kuwa ya jamu, moja la rangi nyeupe, moja la nyeusi. Haendi hata msibani bila makopo hayo. Mama yangu, ambaye ni dada yake, baba mmoja mama mmoja na wamefuatana toka nitoke, anasema siku Wino akizikwa atafufuka kwanza arekebishe maandishi ya kaburi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Nasema alikuwa kwa sababu uzi ulianza kumkataa. Sindano ile ile, tundu lile lile, na yeye anasogeza uzi pembeni kabisa ya tundu na kulaumu uzi. Tulipokwenda kwa daktari tukaambiwa ni presha ya macho, na kwamba uoni wake umeshajikusanya katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki nacho huenda kisimalize mwaka, na dawa kazi yake ni kukichelewesha tu. Mimi nauza kwenye duka la dawa, kwa hiyo dawa ya matone naijua kwa jina na kwa bei, na ni mimi ninayemtia machoni jioni. Sikupenda kujua mengi hivyo.

Sasa, dirisha la jikoni kwetu linatazama mlima. Mama ameosha vyombo mbele ya kilele hicho tangu aolewe. Zamani alikuwa anainua tu macho na kukiona. Siku hizi inambidi akitafute, anasogeza kichwa kushoto, kulia, juu kidogo, mpaka kiingie kwenye lile tundu lake. Asubuhi moja alikitafuta kwa muda mrefu, sponji mkononi, maji yanamwagika, na alipokipata akasema bila kugeuka:

"Nimeutazama mlima huu maisha yangu yote. Nataka nisimame juu yake kabla macho hayajazima, nao unione."

Wino alikuwepo, anakunywa chai. Akaweka kikombe chini na kesho yake tukawa ofisini kwa watu wa mlima.

Njia ya kufika kileleni ni moja inayojulikana dunia nzima, wenyewe wanaiita Njia Kuu. Karani akatuambia imejaa mpaka baada ya mvua. Wino hakukasirika, alitaka kuelewa. Akamuuliza njia inajaaje, kwani ni debe? Karani, kijana mpole mwenye miwani, akaeleza kwamba vibanda vya kulala huko juu vina vitanda vichache na sheria hairuhusu watu kulala nje. Nikamweleza habari ya macho ya mama, kwamba mvua ikiisha huenda nayo yameisha. Alisikitika kweli, niliona, lakini huruma haiongezi kitanda.

Hapo ndipo Wino alipoinua macho na kuona ubao nyuma ya karani. Njia nyingine ziliorodheshwa hapo, nyingi zimejaa nazo, isipokuwa moja ya mwisho kabisa: Njia ya Kelele, nafasi zipo.

Alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia karani kwamba tangu azaliwe ameona makosa, lakini ofisi ya mlima kushindwa kuandika neno kilele ni sawa na mvuvi kushindwa kutamka samaki. Karani akasema ubao aliukuta hivyo. Akafungua mdomo aongeze jambo, Wino akawa ameshamshika kwa somo la irabu, jinsi i inavyokaa mbele ya mdomo na e inavyoshuka, na kwa nini mwandishi mvivu huzichanganya. Alipomaliza karani akauliza tu kama tuna hakika ndiyo njia tunayoitaka. Wino akasema ndiyo hasa. Nami nilikuwepo, sikuuliza chochote, kwa sababu mtu akiwa na uhakika wa namna ile unaona aibu kuwa na swali.

Nyumbani Wino akamwambia mama kuna kilele kidogo upande wa pili, njia fupi, watu wachache. Aliuliza mara moja kama ni kilele kweli. Wino akajibu kilele ni kilele, kosa ni la maandishi tu. Basi mama akajishonea suruali, ya kwanza maishani mwake, akipima mshono kwa ncha za vidole. Ilimkaa vizuri, isipokuwa mfuko mmoja uliotazama chini. Tulipomwambia akasema hana neno, hana cha kutia humo.

Tulifika langoni asubuhi. Kulikuwa na kibanda cha mbao, mlinzi wa lango mwanamke mnene mwenye koti kubwa, na bango la mbao la kale, rangi nyeupe, herufi nyeusi: NJIA YA KELELE. Wino alilitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akitokwa na makamasi. Mlinzi alipoingia ndani kutafuta kalamu ya kutuandikisha, mkoba ukafunguka. E ukiikata mikono yake mitatu inabaki I. Akachovya brashi kwenye nyeupe, akafuta mikono ya E ya kwanza, akarudi nyuma hatua mbili, akaridhika. Nilimwambia hilo si bango lake. Akasema lugha ni ya wote.

Mlinzi alitueleza tufuate mawe yaliyopakwa chokaa, njia haipotezi mtu, na tukifika tukae kimya kidogo. Hilo la kukaa kimya nililiona la ajabu, nikadhani ni kwa ajili ya wanyama.

Tukaanza. Mama alishika bega langu kwa mkono mmoja, mimi nikawa nasema jiwe, mzizi, ngazi. Mwanzo njia ilipanda kwa adabu, katikati ya miti mirefu yenye ndevu za kuvu. Mama alikuwa anauliza kila kitu. Ukungu ni mweupe au wa kijivu? Huyo ndege ana mkia? Nani amepita hapa kabla yetu, kuna nyayo? Halafu njia ikaacha kupanda. Halafu ikaanza kushuka.

Wino alisema njia nyingi za mlimani hushuka kwanza. Ilipoendelea kushuka akasema hii inajikusanya. Mama akamuuliza inajikusanya kwa ajili ya nini, kuruka? Wakacheka wote wawili, lakini niliona Wino anatazama juu kila baada ya hatua chache, anatafuta kitu chenye ncha. Juu kulikuwa na ukungu tu. Tulikuwa tunaingia kwenye korongo, kuta za mwamba zinakaribiana kushoto na kulia, na kila hatua ilitushusha mbali zaidi na kile tulichokuja kukifuata.

Mama ndiye aliyesikia kwanza. Akasimama, kucha zake begani mwangu, akauliza kama kuna soko huku. Mimi sikusikia kitu. Tukaenda mbele, nikasikia, nami nikafikiri ni lori linapanda mlima kwa shida. Wino akasema ni umati. Ninakiri kwamba hapo hata mimi nilisahau kilele, nikataka tu kujua ni nini.

Njia ikapinda mara moja na kutuingiza kwenye uwanja wa mawe, mviringo kama sufuria, kuta za mwamba pande zote. Kuta hizo zilikuwa na matundu, makubwa na madogo, na upepo ulikuwa unapita humo, kila tundu na sauti yake. Chini ya miguu yetu maji yalikuwa yanaanguka ndani ya mwamba, hatuyaoni, tunayasikia yakigonga chini kabisa. Na kila sauti ilikwenda ukutani ikarudi na wenzake. Njia iliishia hapo. Hakukuwa na ngazi, hakukuwa na juu. Mawe ya chokaa yalikwisha.

Wino alizunguka uwanja wote akitafuta mahali pa kupanda. Kisha akaja akakaa kwenye jiwe, mkoba mapajani, na nilimwona anaelewa. Bango halikuwa na kosa. Aliyeliandika alijua kabisa anachoandika.

"Dada," alisema, "nimekuharibia. Hiki si kilele. Ni kelele kweli."

Nilijua uso wa mama, alikuwa anajizuia kulia, na nilimkasirikia Wino kiasi cha kushindwa kumtazama. Macho yake mama yalikuwa na siku za kuhesabu, na moja tumeitumia kushuka shimoni.

"Nilitaka kilele," mama akasema mwishowe. "Siwezi kukuficha."

Akaachia bega langu. Nikataka kumfuata, akanikataza kwa mkono. Akatembea peke yake taratibu mpaka katikati ya uwanja, akasimama na kugeuza kichwa huku na huku, ile namna yake ya dirishani ya kutafuta. Halafu akaacha kutafuta. Akafumba macho. Akapiga kofi moja, akasikiliza, akageuka kidogo, akapiga jingine. Akanyoosha kidole akasema ukuta wa huku uko karibu, wa kule uko mbali, na pale kuna ufa. Na kweli ufa ulikuwepo, mimi nauona, yeye amefumba. Akaita kwa nguvu, "Wino!" na kuta zikachukua jina hilo na kulipokezana, ino, ino, no, mpaka maji yakalimeza.

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku ya daktari.

"Kule juu ningeona kipande kipande," alisema. "Kipande cha wingu, kipande cha jiwe, na mtu ananiambia yaliyobaki. Hapa nimepata pote kwa mara moja." Akakaa kimya kidogo, kama mlinzi alivyotuagiza. "Na hapa nitarudi hata macho yakizima. Kilele kisingenisubiri."

Wino alilia. Mama akamwambia aache, kelele zilizopo zinatosha.

Tulikula mkate na mayai, tukakaa mpaka upepo ukabadilika na matundu yakabadilisha sauti. Mama alitaka kujua tundu lipi linalia vipi, akatutuma tuzibe hili na lile kwa makoti, tukawa watoto watatu. Kurudi ilikuwa kupanda, na mama alilalamikia magoti njia nzima bila kukosa furaha.

Langoni tulikuta kundi la wageni wenye fimbo za kupandia, wanabishana na mlinzi. Walitaka kujua kilele cha njia hii kina urefu gani. Mlinzi alikuwa anawaapia kwamba hakuna kilele, wao wanamwonyesha bango. Alipotuona akamtazama Wino, kisha mkoba wa Wino, na hakuhitaji mpelelezi.

Wino hakujitetea. Alikwenda mbele ya bango, akatoa kopo la nyeusi, akairudishia ile I mikono yake mitatu. Nilidhani amemaliza, maana herufi ilikuwa imenyooka na nzuri kama zote anazoandika. Lakini akachovya tena, akapita juu ya mikono ile ile, akapuliza, akapita tena. Akaenda hivyo kwenye herufi inayofuata, na nyingine, mpaka neno zima, akiweka rangi nzito tabaka juu ya tabaka, kitu ambacho hajawahi kufanya kwa sababu huwa anasema rangi nzito ni ya mafundi wasiojua. Wageni walishachoka wakaondoka. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi akinywa maji.

Nikamwambia inatosha, anamaliza kopo, neno linasomeka kutoka barabarani.

"Sikuandikii wewe," alisema bila kugeuka. "Ikikauka itainuka. Tukirudi mama yako aisome mwenyewe kwa kidole."