Baridi ya Mamake Zipporah

Tangu abatizwe, Zipporah alikuwa na neno moja tu mdomoni: kwao ni mbinguni. Ukimwambia paa lako lavuja, atakujibu hapa twangoja tu. Ukimwambia panda mnazi, atakucheka: "Nipande ale nani? Mimi nasubiri kuitwa kwetu." Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Mjarumani, katika kijiji cha Wakristo juu ya hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari. Majirani walimchoka mjane huyu asiye na mtoto, na haki ya Mungu, hata mimi ningemchoka.

Siku moja akaja Kenga, kakake, kwa miguu kutoka Matsangoni. Hata maji hakunywa.

"Mama yuanijia ndotoni," akasema. "Yualia baridi. Nimechonga koma, Jumamosi twaisimamisha. Wewe ndiwe binti yake wa pekee. Kitambaa cha kwanza ni chako kukifunga."

Koma ni kile kigingi cha mti wanachosimamishiwa wazee waliokufa. Huvikwa kitambaa, hupewa chakula na tembo la mnazi, nao wazee wakatulia. Na Zipporah, siku ya ubatizo, aliapa mbele ya watu kwamba hayo ameyaacha.

"Kaka, mimi ni Mkristo."

"Sikukuuliza dini. Nimekuambia mama yuaona baridi."

Loo! Usingizi ukamhama. Akianza kutwanga, mara kauacha mchi kinuni, kashika njia ya Matsangoni; hajafika mbali, karudi. Ua aliokwisha kuufagia aufagia tena. Mamake alifariki kabla injili haijafika kwao. Basi huko mbinguni anakokutamani usiku na mchana, atamkuta nani? Atabisha hodi, aitikiwe na wageni watupu? Wazo hilo lilimtia hofu kuliko kifo chenyewe. Akamwendea Mwalimu Mwambire, msimamizi wa kanisa lao.

"Mwalimu, mamangu yuko wapi?"

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Aliinamisha macho, akasema, "Hakubatizwa, mama. Hayo tumwachie Mungu. Lakini ukienda kufunga kitambaa hicho, meza ya Bwana hutaikaribia. Njia mbili zilimshinda fisi."

"Mimi si fisi. Mimi ni mtoto wa mtu."

Jumamosi akaenda. Alikifunga kitambaa, akalia kwa sauti, ila tembo akakataa kumwaga na chakula cha koma akakataa kuonja. Kenga akanung'unika kwamba hiyo ni kazi nusu. Kwa kweli hakumridhisha mtu, hata nafsi yake.

Kesho yake Mwalimu alimtoa kanisani mbele ya watu wote. Akatoka, akasimama nje chini ya dirisha. Lakini walipoanza wimbo wa makao ya juu, sauti ya Zipporah iliingia dirishani ikawapita wote waliokuwa ndani. Ubeti wa kwanza Mwalimu akavumilia. Wa pili ukamshinda, akamfuata nje.

"Mama, kwa hayo uliyoyafanya, bado waimba kwamba mbinguni ni kwenu?"

"Ni kwetu," akasema Zipporah, machozi yakimtiririka. "Na nitakwenda, hata ukinifungia mlango huu. Lakini nikifika nikaambiwa mama hayuko, Mwalimu, sikai. Nitauliza njia ya huko aliko."